Kilichofungwa Juu ya Bodi

Ukitaka kujua dereva wa njia ya Zambia ni wa enzi gani, usihangaike na mvi zake. Muulize alianza kazi akifunga mzigo kwa kitu gani. Akisema kamba ya katani, huyo aliwahi enzi za mapipa. Akisema mnyororo, alibeba shaba. Akitaja mkanda wa racheti, huyo ni kijana hata kama ana wajukuu. Mimi niliingia kazini kama utingo mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati kamba za katani zilikuwa bado zinaning'inia kwenye ndoano za kila bodi, na nikaacha usukani mikanda ikiwa imeshajaa kwenye masanduku ya zana. Zote tatu zimenipitia mikononi.

Habari za barabara hii zimeandikwa sana, lakini wanaoziandika huanza na marais na wakandarasi. Wanahesabu mikopo, madaraja na kilomita za lami. Sisi tuliolala juu yake tuliisoma kwa upande wa nyuma, kwenye bodi wazi, isiyo na ubavu wala paa, ambayo mzigo wake haushikiliwi na kitu chochote ila kile ulichoufungia. Kila mzigo ulipobadilika, na namna ya kufa ilibadilika. Kwa hiyo nitaieleza kwa mizigo.

Mwanzo wake ulikuwa siasa. Novemba 11, 1965, Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wa Rhodesia. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru, na mafuta yake yote yalipita mikononi mwa watu hao: yakishushwa Beira, yakipelekwa kwa bomba hadi kiwanda cha Feruka karibu na Umtali, mji ambao leo ni Mutare, kisha yakipanda reli ya Rhodesia. Desemba, vikwazo vya mafuta vilipomwangukia Smith, naye akaifungia Zambia. Migodi ya Copperbelt iliyokuwa ikitoa karibu tani 700,000 za shaba kwa mwaka ikaanza kupimiwa mafuta kama mgonjwa anayepimiwa dawa. Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zikawa zinabeba mapipa angani. Wazee wetu walilicheka jambo hilo miaka mingi baadaye: ndege inakunywa mafuta ili ibebe mafuta. Kilichobaki ni malori, na kutoka bandari ya nchi rafiki njia kuu ilikuwa hii: Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, halafu unaingia Zambia kupitia Mpika na Serenje hadi Kapiri Mposhi.

Sasa angalia mwezi wenyewe. Desemba. Nyanda za juu na kaskazini ya Zambia mvua ndiyo kwanza zinafungua, na haziachi mpaka Aprili. Lami ya kutegemewa iliishia Morogoro. Mbele ya hapo ni udongo na kokoto, udongo mwekundu wa Iringa ambao ukilowa hata mtu wa miguu hausimamii. Serikali zenyewe zilipoamua kupeleka mafuta ya nchi nzima kwa njia hiyo, hazikuwa na nafasi ya kuuliza kama barabara iko tayari.

Mzee aliyenilea garini, mtu wa Kalenga, alibeba mapipa hayo. Alikuwa mkali, hanywi, na hakupenda kusimulia, ila akiona nafunga vibaya hasira humfungua mdomo. Pipa la lita 200 likijaa dizeli lina uzito wa karibu kilo 190. Yanasimamishwa yamebanana, ubavu kwa ubavu, kisha wengine wanaweka mbao na kupanga safu ya pili juu yake. Yeye safu ya pili aliikataa daima. Pipa ni la duara, akisema, na kitu cha duara hata kisimame kutwa kinawaza kubingirika. Barabara yenye makorongo inayatikisa mpaka kingo zake za chini zinasagana, na penye kusagana panatoboka. Ndiyo maana katika msafara wa mapipa hakuna aliyevuta sigara wala aliyeinjika sufuria chini ya tela, hata usiku wa baridi ya Mafinga.

Na yote hayo yalishikiliwa na katani. Miaka hiyo nchi yetu ilikuwa inaongoza duniani kwa zao hilo, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na mashamba yake ya Morogoro tulikuwa tunayapita tukiyaona dirishani. Kamba ilikuwa rahisi, imejaa kila duka, na ilikuwa na tabia ambayo usipoijua inakuzika. Kamba ya katani ikilowa inajikaza na kufupika. Ikikauka inarudi na kulegea. Unafunga asubuhi ya manyunyu Morogoro, ukiigonga kwa kidole inalia kama waya. Unavuka Mikumi, unateremka kwenye bonde la Ruaha Mkuu, kule kwenye mibuyu, joto linapiga bodi mpaka huwezi kuweka kiganja. Ukisimama pale kuangalia, kamba ileile unaweza kupitisha ngumi yako kati yake na pipa. Hapo ndipo utingo anapopanda na kipande cha mti, anakipenyeza katikati ya kamba mbili na kukizungusha, kinasokota na kusokota mpaka kamba inaanza kutoa vumbi, kisha anakifunga kisirudi. Kazi hiyo unaifanya upande mmoja, unahamia wa pili, unarudi wa kwanza kwa sababu umeshalegea kidogo. Mti wangu wa kusokotea ulikuwa wa mpingo, nimeukuta garini, umelainika kwa mikono ya matingo walionitangulia.

Gari likizama kwenye tope, mapipa yanashushwa yote, yanabingirishwa kwa mkono hadi panapokauka, gari linavutwa, yanapandishwa tena. Fikiria kilo 190 kila moja. Magari mengine yalipinduka, mengine yakawaka. Waandishi wa Kizungu wakaipa barabara jina la Njia ya Jehanamu, na jina likashika. Mzee alilichukia. Mtu akienda jehanamu harudi, alisema, sisi tulikuwa tunarudi kuchukua mapipa mengine.

Mwaka 1966 Tanzania na Zambia ziliunda kampuni ya pamoja ya usafirishaji, ikishirikiana na Waitalia, na malori ya Fiat yakaanza kuonekana barabarani kwa mafungu. Hapo ndipo udereva wa njia ndefu ulipopata sura ya ajira: kuna gereji, kuna fundi, kuna mtu wa kukuandikia safari. Kabla ya hapo, lori lilikuwa la Mhindi, Msomali au Mwarabu mmoja mwenye gari moja au mawili, na ukifa njiani anayepeleka habari nyumbani ni utingo, kama amepona. Halafu mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Mapipa yakaisha karibu kwa mara moja. Bomba halina utingo.

Kwa hiyo ikabaki shaba.

Watu wasiowahi kuibeba huidhania nyepesi, kwa sababu lori la shaba kwa macho linaonekana tupu. Piga hesabu: ukitandaza tani 30 za shaba sawasawa kwenye bodi ya mita 12, kina chake hakifiki shubiri. Mtoto aliyesimama kando ya barabara anaona gari limepita halina kitu. Dereva aliye ndani anajua ana tani 30 mgongoni, chini chini, zinazoteleza. Chuma juu ya chuma hakishikani. Ukikanyaga breki ghafla, gari linataka kusimama na shaba inataka kuendelea, na kati yake na mgongo wako pana ukuta mwembamba wa mbele wa bodi na bati la kabini. Nimeshuhudia kichwa cha lori ambacho shaba ilikipita. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Katani haikuwa na kazi tena kwa mzigo wa namna ile. Ikaja minyororo, ile ya vikuku vinene, na wenzo wa kuikazia. Mnyororo una ubaya wake. Kamba hulegea polepole, ukiitazama inakwambia. Mnyororo unaonekana umekaza mpaka dakika unapoachia, na wenzo wake ukiuachilia vibaya unarudi na kuvunja taya. Matingo wengi wa rika langu utawatambua kwa meno. Mzee alinifundisha kutandika mbao chini ya shaba, mbao mbichi zenye utomvu kama zinapatikana, zishike. Alinifundisha kutoirundika mahali pamoja ikavunja chesesi, bali kuigawa kwenye marundo juu ya ekseli, na kila rundo kulifunga peke yake, la mbele kwa minyororo inayovuta nyuma. Na alinifundisha kusimama baada ya mwendo mfupi wa kwanza, kabla hata gari halijapata joto, kukaza upya. Mzigo hukaa mahali pake ukishatikiswa, si ukiwa umesimama kwenye yadi. Sikuisoma sheria hiyo popote enzi zile. Ilikuwa inatoka kwa dereva kwenda kwa utingo, na dereva akifa mapema ilikufa naye.

Shaba inapanda kwenye gari ikiwa juu, kwenye nyanda za juu, na bandari iko chini. Hilo ndilo tatizo lote la kazi ile kwa maneno machache. Kwenda Zambia unapanda na mzigo wa saruji, mbolea au mitambo. Kurudi unateremka na shaba. Na pa kuteremkia ni Kitonga.

Kitonga ni ukingo wa nyanda za juu, kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni. Ukitoka Iringa, unaacha nyanya na vitunguu vya Ilula vikiwa vimepangwa kando ya barabara, hewa bado ya baridi, halafu ardhi inakatika. Barabara inashikilia ubavu wa mlima, kona baada ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine korongo, na huko korongoni kuna mabaki ya magari ya kila enzi, ukiyajua unaweza kuyasoma: Fiat, Leyland, Scania. Kanuni ni moja: gia ambayo ungepandia ndiyo hiyo ushukie. Ukiwa na shaba, ni gia nzito, injini inalia, na wewe unaenda mwendo ambao mwenda kwa miguu anaweza kukusalimu. Kishawishi ni kutoa gia, kuacha gari lijiendee, uokoe dizeli uiuze. Dereva wa namna hiyo huanza kugusa breki kona ya kwanza, kona ya pili anagusa tena, breki zinapata moto, na breki ya moto haishiki. Kwanza unasikia harufu, kama ya mpira na nywele. Kisha unaona moshi kwenye kioo cha pembeni. Pedali ukiikanyaga inakwenda, na gari nalo linakwenda.

Utingo, wakati wote huo, hayuko kitini. Anasimama kwenye kidaraja cha mlango, mlango wazi, gogo mkononi. Gogo lenyewe ni kipande cha mti mgumu kilichochongwa pembetatu na kutiwa mpini. Wakati wa kupanda ndiyo kazi yake hasa: gari likishindwa, likakosa gia, anaruka na kulipenyeza nyuma ya tairi kabla halijaanza kurudi. Una muda wa pumzi moja. Ukiruka mapema, gari halijasimama, gogo linatemwa. Ukichelewa, gari limeshapata nguvu ya kurudi na linalipanda gogo na mkono. Wakati wa kushuka gogo halisaidii kitu, lakini mzee alitaka nisimame mlangoni vilevile. Sikumwuliza sababu. Baadaye nilielewa kwamba alitaka, mambo yakiharibika, mmoja wetu awe ameshakuwa nusu nje.

Mlimani hapo pia ndipo palipokuwa na wezi. Gari linalopanda kwa mwendo wa kobe usiku, lina bodi wazi: mtu anadandia nyuma, anakata kamba, anarusha mifuko kwa wenzake, anashuka. Dereva hajui mpaka Iringa. Kwa hiyo usiku utingo alihamia juu ya mzigo, amejifunika turubai, na rungu. Hesabu ya mwenye mali ilikuwa kwamba mfuko wa saruji ukipotea unakatwa kwenye mshahara wetu, na utingo akianguka ni bahati mbaya.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China kuanzia 1970, kilomita 1,860, ilipokabidhiwa mwaka 1976, watu walituambia tutafute kazi nyingine. Lami nayo ilikuwa imeshafika Tunduma na kuvuka, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970. Shaba nyingi ilihamia relini kweli. Lakini Smith alikuwa amefunga mpaka na Zambia Januari 1973, Rais Kaunda wa Zambia naye akakataa kuutumia hata Smith alipotaka kuufungua, mpaka Oktoba 1978. Na Zambia nzima ilikuwa imegeukia Dar es Salaam. Mzigo ulikuwa mwingi kuliko reli na barabara kwa pamoja. Halafu vita vya Kagera vikaanza, na serikali ikachukua malori na mabasi ya watu binafsi kupeleka askari na vyakula. Gari letu lilichukuliwa Iringa pamoja na mzee mwenyewe. Mimi niliachwa kwa kuwa mdogo. Alirudi amekonda, na kitu alichokuja nacho ni hadithi ya jinsi walivyofunga masanduku ya risasi kwa kamba za kuanikia nguo. Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia wakalipua madaraja ya Chambeshi huko Zambia, la reli na la barabara. Mizigo ikalala pande zote mbili za mto.

Miaka ya 1980 niipite haraka, maana ni miaka ya kukosa. Hakuna tairi, hakuna spea, hakuna dizeli. Tairi likipasuka linashonwa kwa waya na kuwekwa kipande cha tairi jingine ndani. Kila asubuhi nilikuwa nazunguka na nyundo kugonga matairi: lenye upepo linajibu, lisilo na upepo linameza. Mabasi yalikuwa machache hata abiria walipanda juu ya mizigo yetu, mama na watoto juu ya saruji, na hela yao ilikuwa ndiyo mboga yetu. Leo nikisikia watu wakisifu enzi hizo kwamba ajali hazikuwa nyingi, nashangaa. Magari ndiyo hayakuwa mengi. Waliokuwa juu ya mzigo gari lilipopinduka, nani aliwaandika kwenye orodha ya abiria?

Baadaye biashara ikaachiwa watu binafsi, na malori yakaongezeka kwa kasi ambayo hatukuitegemea. Hapo nilikuwa nimeshapata leseni. Makambako, Mafinga, Tunduma zikawa miji ya malori: gesti, mama lishe, gereji, na wanawake wenye biashara zao ndogo ndogo ambao bila wao hakuna aliyekula wala kufuliwa. UKIMWI ulipokuja, kidole kilinyooshewa sisi. Mkoa wa Njombe, ambao Makambako ni mlango wake, katika utafiti wa 2011/12 ulikuwa na maambukizi ya asilimia 14.8, makubwa kuliko mikoa yote. Sikatai kwamba barabara iliyapeleka. Madereva niliowazika siwezi kuwasahau. Ila dereva aliyelala Tunduma kwenye foleni akisubiri karatasi, mbali na mkewe, hakujipangia mwenyewe kusubiri huko. Mei 2020 Zambia ilipofunga Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya korona, niliona maneno yaleyale yakirudi, dereva akitazamwa kama ndiye ugonjwa wenyewe. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilikuwa kimezinduliwa Oktoba 2019 ili kuua foleni. Kimepunguza meza za kugongea mihuri. Foleni ukitaka kuiona, nenda.

Mzigo wa tatu ni kontena. Kila mtu alidhani limekuja kutupumzisha: limefungwa, halilowi, halikatwi kamba. Lakini lina pembe nne, na kila pembe ina tundu la kuingiza pini inayotoka kwenye tela na kuzungushwa ikajifunga. Tela lililotengenezwa kwa kontena lina pini hizo. Bodi wazi ya kawaida haina, na kwa miaka mingi makontena yalikuwa yanawekwa juu ya bodi za kawaida, na mnyororo mmoja au miwili juu, au bila kitu, kwa imani kwamba uzito wake utajishikilia. Hata penye pini, kuna waliozifunga mbili tu kwa kona ya mbele na nyuma, ili wakifika wafungue haraka. Na kuna waliokuwa wakikwambia usoni kwamba wanaziacha wazi kwa makusudi: gari likitaka kupinduka, kontena lianguke peke yake, gari libaki. Hesabu hiyo ina dereva na gari la bosi ndani yake, haina aliye upande wa pili wa barabara.

Machi 11, 2015, Changarawe, karibu na Mafinga, lori na basi lililokuwa likitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam vilikutana, na kontena likatoka kwenye lori na kulilalia basi. Walikufa watu zaidi ya 40. Ni Mafinga ileile ambako enzi za mapipa hakuna aliyeinjika sufuria chini ya tela. Chanzo cha kugongana kwenye ajali ni jambo moja, na trafiki ndilo wanalolipima kwa futi. Mimi tangu siku ile nimekuwa nikitazama jambo la pili, kile kinachotoka kwenye bodi baada ya kugongana, maana ndicho kinachoua walio mbali na kosa.

Sheria zilikuja, sitazidharau. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo kwetu ilianza kutumika 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na mizani ya Vigwaza, Mikumi, Makambako na Mpemba inakudai kwa kila ekseli. Lami imenusurika, na breki za Kitonga pia zimenusurika, kwa sababu tani zilizokuwa zinabebwa miaka ya 1990 hakuna breki iliyozitengenezewa. Ndani ya hifadhi ya Mikumi kuna matuta na faini kwa kila mnyama utakayemgonga; thamani ya twiga imepangwa kabisa. Mabasi yalikatazwa kusafiri usiku kwa takribani miaka 30, hadi 2023, na kwa miaka yote hiyo usiku ulikuwa wetu wa malori peke yetu: ukiona taa mbele unajua ni mwenzako, mnapeana taa mkipishana, na matawi ya miti yaliyotupwa barabarani yanakwambia kuna aliyeharibikiwa kwenye kona inayofuata. Siku hizi pembetatu za kuakisi mwanga ni lazima, lakini tawi bado linatupwa, maana pembetatu huibiwa na tawi haliibiwi. Mawe ya kuzuia magurudumu ndiyo aibu yetu: mtu akishatengeneza gari anaondoka, jiwe linabaki katikati ya lami linamsubiri wa pikipiki.

Aprili na Mei 2015, wiki chache baada ya Changarawe, madereva wa nchi nzima waligoma. Serikali ilitaka kila anayehuisha leseni arudi darasani kwanza. Madereva walitaka mikataba ya kazi. Mimi niliwaunga mkono kwenye mkataba, na kwenye darasa nilikaa kimya, kwa sababu nilikuwa napenda darasa liwepo, ila si lile. Nilipenda lifanyike kwenye yadi, juu ya bodi, na wakufunzi wake wawe watu waliowahi kusokota mti kwenye kamba. Dereva asiye na mkataba analipwa kwa safari. Akilala kupumzika, hajalipwa. Akisimama kukaza mnyororo mara nne badala ya mara moja, amejikata mwenyewe.

Mpwa wangu sasa anaendesha. Anatoka Dar na mashine au mabomba ya chuma, anarudi na shaba ya Kolwezi, Kongo, iliyofungwa mafurushi ya bapa, ambayo kila furushi lina tani mbili na zaidi. Ana mikanda ya racheti na minyororo, ana simu. Mwaka jana alinipigia akiwa mpakani Kasumbalesa, akanitumia picha ya bodi.

"Shikamoo mjomba. Hapa pako sawa?"

Niliitazama picha kwa muda. Mafurushi yamepangwa vizuri juu ya mbao, mikanda imekaza. Lakini rundo la mbele lilikuwa na mkanda tu, halina mnyororo wa kulivuta nyuma.

"La mbele litie mnyororo," nikamwambia.

"Sina mwingine, mjomba. Nimemwazima mwenzangu, yuko nyuma, bado hajatoka Likasi."

"Basi msubiri."

"Bosi ananiona kwenye mtambo, gari limesimama. Atapiga simu sasa hivi."

"Apige. Mwambie unasubiri mnyororo."

Alisubiri mpaka mwenzake akafika. Alipofika Dar, mzigo ukakabidhiwa mzima, na kwenye malipo yake wakamkata posho ya siku alizosimama, na kwenye karatasi wakaandika kuwa ni kuchelewa bila sababu. Nimemwambia aitunze karatasi hiyo. Mnyororo mwingine amenunua kwa hela yake.